Mashimo ya kila mita hamsini: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya barabara zetu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ujenzi,
Watendaji Wakuu wa TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania) na TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini),
Wajumbe wa Bodi ya Mfuko wa Barabara na wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Kihonda, Morogoro, ninakofuga kuku na kusikiliza malori yakibadilisha gia usiku kucha.

Kabla ya maneno mengi, naomba mtume mtu akafanye kazi moja ndogo. Kijana yeyote wa ofisi zenu anaiweza kwa asubuhi moja, akiwa na gurudumu la kupimia na daftari. Achague barabara ya lami ya moto, ile inayochanganywa na kokoto mtamboni, yenye miaka mitatu au minne, iliyoanza kuoza mapema. Asimame kwenye shimo la kwanza, asukume gurudumu mpaka la pili, aandike umbali. Aendelee hivyo kilomita mbili. Asishangae akikuta mashimo yale hayakujitawanya ovyo. Mita 48. Mita 51. Mita 47. Mita 49. Yamejipanga kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba.

Sasa tuulizane. Mvua gani hiyo inayochagua pa kunyesha kila baada ya mita 48? Lori gani lililozidisha mzigo linalokanyaga kwa nguvu hapa, likainua miguu, likakanyaga tena pale mbele?

Jibu ninalo, kwa sababu mashimo mengine nimeyapanda mwenyewe. Nilikuwa opereta wa peva na skridi kwa miaka 26. Kwa msomaji asiyetoka kambini: peva ni ile mashine inayokwenda taratibu huku ikilisukuma tipa mbele yake, ikimeza lami ya moto kwenye hopa, lile sanduku lake la mbele, na kuitoa nyuma ikiwa imetandazwa. Skridi ni lile bamba zito la nyuma linaloelea juu ya lami na kuipiga pasi.

Chukueni tipa la tani 20. Upana wa njia moja ni mita 3.5, unene wa tabaka ni sentimita 5, na lami iliyoshindiliwa ina uzito wa tani 2.35 hivi kwa kila mita ya ujazo. Gawanyeni wenyewe. Mzigo mmoja wa tipa unatandika takriban mita 48 na nusu. Kwa hiyo kile kijana wenu atakachopima barabarani ni urefu wa mzigo mmoja. Shimo linakaa pale tipa moja lilipomalizika na jingine lilipoanza.

Inakuwaje? Lami inatoka mtamboni ikiwa na nyuzijoto 150 mpaka 165. Inapakiwa kwenye tipa, inasafiri kilomita 30 au 40, wakati mwingine bila turubai kwa sababu turubai limechanika na mwenye gari hataki kununua jingine. Katikati ya mzigo moto unabaki. Juu na pembeni unapoa. Tena kokoto kubwa, mzigo unapomwagwa, zinakimbilia pembeni kama mchele unavyokimbilia ukingo wa ungo. Tipa likishamwaga, ile lami ya pembeni iliyopoa, yenye kokoto nyingi na ungaunga kidogo, inalala kwenye mabawa ya hopa, yaani kuta zake za pembeni zinazokunjika. Hapo opereta anabonyeza kitufe, mabawa yanajikunja, masalia yote yanaangukia kwenye mkanda na kwenda moja kwa moja chini ya skridi. Ukiangalia kwa macho, yote ni nyeusi. Rola inapita, inang'arisha. Mhandisi anapita, anapiga picha. Lakini pale pana kipande kilichotandikwa kikiwa na nyuzijoto 100 au chini, na lami ikishuka mpaka kwenye 80 na kitu hivi hata ukiileta rola kubwa kuliko zote haishindiliki tena. Inabaki na matundu ndani. Maji ya masika ya kwanza yanaingia, ya pili yanalegeza kokoto, na ya tatu yanaondoka nazo.

Dawa yake haina gharama. Usikunje mabawa kila tipa likiondoka. Usiache hopa ikauke mpaka mkanda uonekane. Bakiza lami ya kutosha ili mzigo mpya uangukie juu ya ile ya zamani ikiwa bado ya moto, vichanganyike. Funika tipa. Mwenye kupakia mtamboni agawe mzigo kwa mafungu matatu, mbele, nyuma, kisha katikati, badala ya kuumwaga wote kama kichuguu.

Hilo somo ni la saa mbili. Mimi nililipata mwaka wa kumi na moja wa kazi yangu, tena kwa bahati. Kampuni niliyokuwa nayo ilinunua peva mpya, na fundi wa kiwanda akaja kutoka Ujerumani kuikabidhi. Siku ya pili akaniona nikikunja mabawa. Akashuka, akasimamisha kazi, akanipeleka nyuma ya skridi na kunielekezea kipimajoto kwenye lami niliyotoka kutandika. Namba ziliporomoka mbele ya macho yangu. Mkalimani hakuhitajika. Usiku ule nilikaa kambini nikihesabu barabara nilizopita. Nilikuwa nimekunja mabawa miaka kumi, kwa sababu aliyenifundisha alikunja, na aliyemfundisha yeye alikunja pia, na foromani alipenda hopa safi.

Waheshimiwa, haya siyo ya kampuni moja, wala yangu siitaji kwa jina. Opereta wengi wa nchi hii tulifundishwa hivyo hivyo. Unaanza kibarua wa reki. Ukionekana una bidii, unapewa kushika grisi. Siku opereta anaumwa malaria, unapanda. Hujui kwa nini kitufe kile kipo. Unajua tu kinabonyezwa lini. Leseni ya kuendesha mitambo inathibitisha kwamba sitagonga watu. Haisemi chochote kuhusu lami.

Nawapa mfano wa pili, huu nitaupita haraka. Skridi inaelea. Ukizungusha skrubu ya unene, haipandi papo hapo. Mashine inatakiwa isogee takriban mara tano ya urefu wa ile mikono inayoivuta ndipo unene mpya ukamilike. Opereta asiyelijua hilo anazungusha, anaona hakuna kitu, anazungusha tena, na tena. Baada ya mita kadhaa skridi inapanda yote kwa pamoja. Anashtuka, anarudisha, anarudisha tena. Ndiyo yale mawimbi mnayoyasikia kwenye gari mkitoka ziarani, yanayowafanya mseme mkandarasi kaiba lami. Hajaiba. Ameajiri mtu mwenye wasiwasi na skrubu.

Najua mtakaloniambia. Mtasema barabara zinauawa na uzito. Ni kweli, na mimi ni shahidi, nakaa jirani na mizani. Jaribio kubwa la barabara lililofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 lilionyesha kwamba madhara ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu, hayaendi sambamba na uzito, yanapanda kwa kipeo cha nne. Ekseli ya tani 13 inaiumiza barabara karibu mara tatu ya ekseli ya tani 10. Ndiyo maana Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya udhibiti wa uzito mwaka 2016, nasi tukaanza kuitumia mwaka 2019, mwisho tani 56 kwa lori lenye ekseli za kutosha. Mizani ya Vigwaza inapima magari yakiwa yanatembea. Hongereni. Lakini angalieni tulivyofanya: kwa uzito wa lori tumetunga sheria, tumejenga mizani, tumeajiri watu wa zamu ya usiku, tumeweka faini. Kwa nyuzijoto za lami, ambazo ndizo zinazoamua kama barabara italibeba lori hilo hilo halali, tumemwachia kijana wa miaka 22 mwenye kipimajoto kimoja cha sindano, akichomeka kwenye tipa anapokumbuka.

Wapo watakaosema vipimo vya maabara vinatosha. Naiheshimu maabara. Mwongozo wetu wa usanifu wa tabaka za barabara wa 1999 na vipimo sanifu vya mwaka 2000 ni vitabu vizuri, vimesaidia wengi. Ila sampuli za duara zinazokatwa barabarani zinakatwa chache kwa kila kilomita, na ukikata kwenye katikati ya mzigo utapata jibu la katikati ya mzigo. Nimewahi kumwona fundi sanifu akiulizwa wapi akate, akaonyeshwa kwa kidole. Kanuni ya makadirio wanayoitumia wataalamu wa lami ni kwamba matundu ya hewa yakishavuka asilimia 7, kila asilimia moja ya ziada inakula takriban asilimia 10 ya umri wa barabara. Kile kipande cha masalia ya hopa kinaweza kuwa na matundu asilimia 12 au zaidi, nacho ni mita mbili tu kati ya mita 48. Sampuli itakikuta kwa ajali.

Sasa nije kwenye vifaa, maana nasikia kila mwaka hotuba za teknolojia ya kisasa.

Vifaa vipo. Siku hizi kuna upau wa kupima joto unaofungwa nyuma ya peva, unaona lami yote kwa upana wake na kuchora picha ya rangi, nyekundu kwenye moto na buluu kwenye ubaridi, kilomita nzima. Kuna rola zenye satelaiti zinazomwonyesha dereva kwenye skrini wapi ameshapita mara ngapi na wapi hajagusa. Kuna sensa, yaani vihisi, za kushika leveli, zinazosahihisha skridi zenyewe bila mtu kushika skrubu. Baadhi ya hivi vitu vimeshaingia nchini, vimefungwa kwenye mashine mpya, vimelipiwa. Swali langu ni kama vinafanya kazi.

Peva ile ya Mjerumani ilikuja na sensa mbili. Wiki ya kwanza alikuwepo, zikafanya kazi. Wiki ya tatu mtunza stoo akazifungua na kuziweka kabatini zisiibiwe, na kusema kweli zingeibiwa. Miezi minane baadaye nilipoziomba, waya wa moja ulikuwa umetafunwa na panya na ufunguo wa kabati ulikuwa na mtu aliyeacha kazi. Tukarudi kwenye skrubu. Kwenye makaratasi, mashine ile iliendelea kuwa ya kisasa, na iliombewa zabuni kama ya kisasa, miaka sita.

Rola nayo. Ngoma ya chuma lazima ilowane, la sivyo inabandua lami. Maji yanapita kwenye vinyunyizio vyenye matundu madogo kama ya sindano. Bauza likichota maji kwenye mto uliotibuka, vinyunyizio vinaziba. Opereta afanye nini, jua limewaka, tipa sita zinasubiri? Anachukua dizeli, anaipaka ngoma kwa tambara. Dizeli ni kiyeyusho cha lami. Inaonekana inasaidia, kwa kuwa lami haigandi tena kwenye chuma. Sasa inashindwa kugandana na kokoto yenyewe. Vilevile tunavyopaka dizeli kwenye bodi za tipa, kwenye mkanda wa peva, kwenye mapanga ya skrubu kubwa inayosambaza lami. Kuna vimiminika vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, visivyoyeyusha lami. Sijawahi kuviona stoo zaidi ya mara mbili. Na chujio la bauza, ambalo lingezuia yote haya, bei yake ni ndogo kuliko posho ya kikao kimoja. (Samahani kwa mfano huu, lakini ndio uliokuja kichwani.)

Kwenye barabara za lami ya kumwagwa na kokoto juu yake, ambazo nchini ni nyingi, mambo yako kwenye bomba la kunyunyizia. Vile vinyunyizio vinatakiwa vikae kwa pembe moja vyote, vinyanyuliwe kimo kinachofanya kila sehemu ya barabara iguswe na vinyunyizio vitatu. Kimoja kikiziba, utaona msitari mkavu unaokwenda kilomita nzima, kokoto zikichomoka kwenye msitari huo huo na kupasua vioo vya magari. Usafi wake ni dakika arobaini kila jioni, lami ikiwa bado inatiririka. Ikishaganda, ni kazi ya moto na nyundo. Nani anabaki jioni hizo dakika arobaini? Gari la kurudisha wafanyakazi limeshapiga honi.

Nimefikia ninachokitaka, Waheshimiwa. Ni kimoja.

Fungueni mkataba wowote wa ujenzi wa barabara, mwende kwenye orodha ya kazi na bei, sehemu ya mwanzo kabisa, ile ya mambo ya jumla. Mtakuta gari la mhandisi mshauri, na dereva wake, na mafuta yake. Mtakuta ofisi, viyoyozi, samani, simu. Mtakuta mabango. Kila kimoja kina mstari wake na bei yake. Tafuteni mafunzo ya opereta wa peva. Tafuteni huduma ya mitambo ya lami na uhakiki wa vipimo vyake. Mtasoma tu kwamba mkandarasi atatumia watu wenye ujuzi na mashine zilizo katika hali nzuri. Sentensi moja isiyo na bei. Na kwenye ushindani wa bei ya chini, kitu kisicho na mstari wake kinakuwa cha kwanza kukatwa. Mkandarasi mwaminifu akiweka pesa ya mafunzo, bei yake inapanda, anakosa kazi. Anapata yule aliyeandika sentensi.

Natoa mfano kuonyesha kwamba mstari wenye bei unafanya kazi. Kwenye mikataba ya barabara kuna kifungu cha elimu ya UKIMWI kambini. Mwanzoni tulicheka. Lakini kwa kuwa kilikuwa na pesa yake, na pesa hailipwi mpaka kazi ionekane, mkandarasi alileta mtoa elimu, akaleta kondomu, akaleta wapimaji, akaandika majina ya waliohudhuria. Kambi nilizoishi zilibadilika. Mimi binafsi nina rafiki zangu wawili walio hai leo kwa sababu walipimwa kambini, mapema. Kampuni hazikupata huruma ghafla. Kazi ile ilikuwa na malipo yake.

Fanyeni hivyo hivyo kwa lami. Kila mkataba wa lami ya moto uwe na mstari wa mafunzo: opereta wa peva, watu wawili wa skridi, madereva wa rola, mwendesha mtambo, na dereva wa bauza la lami, siku kadhaa kabla ya kutandika mita ya kwanza, walipwe wakiwa wanajifunza, na mkufunzi athibitishe kwa sahihi yake. Uwe na mstari mwingine wa huduma ya mitambo, unaolipwa kwa mwezi, baada ya mhandisi mshauri kukagua: bamba za skridi hazijalika, vichomeo vyote vinawaka, mizani na vipimajoto vya mtamboni vimehakikiwa, kichomeo cha kukaushia kokoto hakitoi mafuta mabichi. Hili la mwisho wengi hawalijui. Kichomeo kisichochoma vizuri kinazipaka kokoto mafuta kabla lami haijazifikia, halafu tunakaa mezani kulaumu lami iliyotoka nje.

Na mstari wa tatu, mdogo kuliko yote: daftari la joto. Mnakikumbuka kile kibunduki tulichoelekezewa kwenye paji la uso wakati wa korona? Ana kaka yake wa kazi za kiwandani, anayesoma nyuzijoto mia kadhaa, bei yake haifiki ya tairi moja la tipa. Mtu mmoja asimame nyuma ya skridi, apime kila tipa linapomalizika, aandike namba na kituo cha barabara, yaani umbali wa pale kutoka mwanzo wa barabara. Opereta atie sahihi. Ule upau wa rangi mtaununua baadaye. Daftari linaanza kesho. Miaka mitatu ikipita, shimo likitokea, mnafungua ukurasa. Mkikuta nyuzi 95 pale pale palipotoboka, mnajua nani wa kumwita. Mkikuta 150, basi mjue ni maji, au mzigo, au msingi, na mkandarasi wa watu mmuache.

Wakandarasi wadogo watawaambia kwamba ukimfundisha opereta, mwezi ujao anachukuliwa na kampuni kubwa. Hawasemi uongo, ndivyo nilivyohama mimi mara mbili. Ndiyo sababu pesa hiyo isitoke mfukoni mwa mkandarasi, itoke kwenye mkataba, na cheti kiwe cha mtu mwenyewe, aende nacho popote. Akihama, barabara ya huko anakokwenda nayo ni yetu. Bodi ya Usajili wa Makandarasi inapopanga madaraja inaangalia mitambo na wataalamu wa kampuni. Iangalie pia ni opereta wangapi wenye cheti. Ujerumani fundi wa barabara anasoma miaka mitatu huku ameajiriwa. Sisemi tuanze na mitatu. Tuanze na wiki mbili.

Mahali pa kufundishia papo. Chuo cha ujenzi kipo hapa Morogoro. Mbeya kuna kile kilichoanza kama chuo cha teknolojia stahiki, ambacho kimefundisha ujenzi wa barabara kwa nguvu kazi kwa miaka mingi. Kinachohitajika ni mita za kuharibu. Opereta hajifunzi ubaoni. Anahitaji peva, hata iliyochoka, na uwanja wa mita mia atandike, abomoe, atandike tena. Na wala si lazima aunguze lami: peva inatandika hata kokoto za msingi, na skridi inaelea juu ya kokoto kwa kanuni zile zile. Akikosea, greda inasawazisha, anarudia baada ya chai. Wakufunzi mtawapata. Tuko wastaafu wengi tunaouza mayai.

Bodi ya Mfuko wa Barabara, kwenu nina la ziada kidogo. Mwaka 1988 Benki ya Dunia ilitoa ripoti kuhusu kuoza kwa barabara katika nchi 85 zinazoendelea. Ilikadiria kwamba katika miaka ishirini iliyotangulia zilipotea barabara zenye thamani ya dola bilioni 45, ambazo zingeokolewa kwa matengenezo ya kinga yasiyofika dola bilioni 12. Mfuko wenu umezaliwa katika mawazo ya kipindi hicho, kwamba pesa ya mafuta iende kwenye matengenezo isipotelee kwingine. Tangu Julai 2021 tunaongeza shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za TARURA, na TARURA ina zaidi ya kilomita 144,000 za kuzihudumia. Tunalipa. Sinung'uniki. Ila kiraka kinachotengenezwa na mtu asiyefundishwa ni pesa hiyo hiyo inamwagwa shimoni mara tatu kwa mwaka. Nimeona kiraka kinawekwa juu ya maji. Nimeona lami inatupwa kwenye shimo lenye vumbi, inapigwa kwa nyuma ya chepe, na gari la kwanza linapita kabla chepe halijarudi kwenye pikapu. Kiraka sahihi kinaanza kwa kukata kingo za shimo ziwe wima na mraba, kutoa kilichooza mpaka ufike panapogoma, kusafisha, kupaka lami ya kugundishia chini na kwenye kingo, kujaza kwa matabaka na kushindilia kutoka pembeni kuja katikati. Vijana wanne na mashine ndogo ya kushindilia. Wakifundishwa siku tatu, watawarudishia gharama kabla ya vuli.

Na nyufa, kabla hazijawa mashimo. Wahenga wa usipoziba ufa hawakuwa na barabara ya lami, lakini fundi wa lami hana methali nyingine. Ufa wa milimita tano unazibwa kwa birika la lami ya moto na kijana mwenye ufagio. Ukiuacha masika mbili, unaitisha zabuni.

Sikuandika habari za moshi tunaovuta, wala ngozi za mikono yetu, wala kijana niliyemwona akibandua lami ya moto kwenye mkono wake ikatoka na ngozi kwa sababu hakuna aliyemwambia aipoze kwanza kwa maji mengi na aiache daktari aitoe. Hiyo ni barua nyingine. Lakini siku zile za mafunzo, kama zitapata mstari wake, somo hilo liwe la kwanza asubuhi, kabla ya peva.

Kuna kipande cha barabara, mwendo mfupi kutoka ninapokaa, ambacho nilikitandika mimi kabla Mjerumani hajanionyesha kipimajoto. Mashimo yake yamezibwa na kuzibuliwa mara nyingi. Nimeyawekea alama za chokaa pembeni, yako kumi na tisa, na umbali wake nimeuandika kwenye daftari la shule la mjukuu wangu. Mkimtuma huyo kijana na gurudumu, niko tayari kumsindikiza siku yoyote isiyo ya mvua. Aje saa kumi na mbili asubuhi, kabla malori ya mizani hayajafunguliwa, na avae kiakisi mwanga. Cha kwangu nilikirudisha stoo.

Wenu,
Opereta mstaafu wa peva, Kihonda